Divisheni ya Vumbi Yapata Mashini

Kwa furaha kubwa na kwa tampo mbili za muhuri, moja ya mviringo na moja ya pembe nne, Divisheni ya Vumbi na Sakafu ya Kamina iliwatangazia raia wote, wa mjini, wa Base ya jeshi na wa kando ya reli, kwamba kufagia kwa mkono kumefika mwisho wake. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa biro, ofisi ya Divisheni, Jumatatu asubuhi. Ubao wa matangazo ulikuwepo, lakini ulikuwa na vumbi.

Aliyelibandika ni Mama Mathilde Ngandu, mfagiaji wa Divisheni. Alilibandika kwa gundi ya unga wa muhogo aliyoipika mwenyewe, akalainisha pembe zote nne kwa kidole gumba, kisha akasimama kulisoma polepole, maana alisoma mpaka darasa la sita na hapendi kuruka neno. Alipofika kifungu cha tatu alikisoma mara mbili. Kilisema: mashini mpya ikishinda majaribio ya siku saba nyumbani na siku moja bironi, nafasi ya mfagiaji inafutwa.

Nafasi hiyo alikuwa ameishika miaka kumi na tisa. Kwa nafasi hiyo wajukuu wake wanne walikuwa wanakula bukari, yaani ugali, mara mbili kwa siku, siyo mara moja. Alikunja kitambaa chake, akaingia ndani kufagia, kwa sababu ilikuwa bado Jumatatu.

Ieleweke kwamba hii haikuwa mashini ya kwanza. Ya kwanza ilifika mwaka juzi, bapa na ya mviringo kama sinia, na ilikuwa kipofu. Iligonga mguu wa meza, ikarudi nyuma, ikaugonga tena mguu uleule, kama mtu anayedai haki yake. Ilimeza waya wa feni. Ilimeza soksi ya Katibu. Ilifika kwenye kizingiti cha mlango, ikakwama pale ikilia mpaka saa sita. Divisheni iliandika ripoti ya kurasa arobaini kusema kwamba matokeo yanaridhisha, na Mama Mathilde akapewa amri ya kuifunga kamba na kuitembeza kama mbuzi. Tangu hapo, kufagia chumba kimoja kulihitaji mashini, kamba, Mama Mathilde, na mwishoni ufagio.

Hii ya sasa ni ya kizazi kipya, iliyotengenezwa kwa nyumba za watu wa kawaida. Ina macho. Viatu inavizunguka, waya inaukwepa, kizingiti inakipanda kwa magurudumu yake kama mzee anayepanda gari la moshi, taratibu lakini anafika. Inafagia, inapangusa kwa maji. Tumbo likijaa inarudi kwenye kitanda chake na kujimwaga yenyewe. Nguvu ikipungua inarudi kitandani hapohapo kunywa umeme. Na kubwa kuliko yote, inachora ramani ya nyumba ndani ya simu na kuandika jina la kila kitu inachokikuta.

Shefu wa Divisheni, Bwana Amédée Kayembe, alieleza haya yote akiwa amekaa. Alikuwa mtu wa kukaa. Aliingia saa mbili, akajikunja kitini pake, na saa tisa na nusu mikunjo ya koti lake ilikuwa ileile.

"Mama Mathilde, weye njo utajaribu mashini ku nyumba yako," alisema. "Sakafu yako iko ya sima, tena iko na bana na kuku. Hali halisi ya raia."

"Eyo, Vidye," alijibu Mama Mathilde, kwa heshima ya Kiluba. "Lakini Shefu, kama inafagia muzuri, minyi nitaenda wapi?"

"Utaenda mu pumziko ya kisasa."

"Iko na bukari mule?"

Katibu Chrispin aliinua uso kutoka kwenye karatasi, mgongo wake ukiwa umepinda kama kawaida. "Mama, usichanganye mambo ya teknike na mambo ya tumbo."

"Andika kifungu cha ine," Shefu alimwambia. "Ramani ya mashini njo ukweli. Muntu yeyote hana haki ya kuibisha, hata minyi. Juu ya nini? Muntu anasema bongo, anadanganya, lakini mashini haina ndugu. Abner, piga tampo."

Abner, mwenye dhamana ya tampo, aliamka juu ya meza yake, akapiga, akalala tena.

Mama Mathilde alimalizia kufagia. "Samahani Shefu, inua miguu."

"Pitia kando."

Akapitia kando, kama alivyopitia kando miaka kumi na tisa. Kila mtu Kamina anajua kwamba ufagio haupiti juu ya miguu ya mtu. Ukimgusa, bahati yake inatoka na takataka: kijana haoi, na mtu wa serikali hapandi gradi. Wote watatu pale ndani walikuwa wanangojea gradi. Kwa hiyo chini ya kila meza kulikuwa na kisiwa cha vumbi jekundu, kigumu, cha zamani kuliko bendera iliyokuwa ukutani, na juu ya kila kisiwa jozi moja ya viatu.

Mashini ilibebwa mpaka kwa Mama Mathilde, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu André, mtu wa reli. Nyumba haikuwa na umeme. Hilo Divisheni ilikuwa imelitabiri na kulishughulikia kwa kutoliandika. Mama Mathilde akapeleka kile kitanda cha mashini kwenye kibanda cha Mwanza, anayechaji simu za watu kwa panno za jua, kiwanja cha tatu kutoka kwake. Kikawekwa chini, kando ya simu kumi na nne na redio ya mke wa askari.

Siku ya kwanza mashini ilifagia sebule, ikafagia chini ya kitanda, mahali ambapo kiuno cha Mama Mathilde kilikuwa kimekataa kuingia tangu mvua za mwaka uliopita. Ikazunguka viatu vya watoto, kimoja kimoja. Halafu ikapiga kengele, ikapanda kizingiti, ikatoka nje.

"Mathilde!" jirani yake, Mama Kyabu, alipiga kelele akiwa na majani ya sombe mikononi. "Kintu yako iko natoroka!"

"Haitoroke. Inaenda kula."

Mashini ilikata barabara. Mtu wa baiskeli ya makaa alisimama, akavua kofia. Ilipofika kwa Mwanza ilikuta watu wamejipanga, na kwa kuwa inaona miguu ya watu na haiigongi, ilisimama nyuma ya yule wa mwisho. Kila mmoja aliposogea, nayo ikasogea.

"Mama," Mwanza alisema jioni, "niko na bakiliyente ba kuchaji miaka munane. Hakuna mwenye alingojea na adabu sawa huyu."

Siku ya nne Mama Kyabu alikuja na shauri. Aliketi juu ya beseni, akaitazama mashini inavyopangusa. "Itupe mu shimo ya choo, mwenzangu. Sema imejitupa yenyewe."

"Haiwezi kuanguka. Iko na macho ya kuona shimo."

"Umejua namna gani?"

Mama Mathilde alitengeneza kitambaa chake kichwani, kwanza upande huu, halafu upande ule. "Ile ya zamani njo ingeanguka," alisema.

Siku ya saba aliandika ripoti yake kwenye kaye ya mjukuu. Angeweza kuandika uongo, lakini uongo una maneno mengi na kaye ilikuwa imebaki na ukurasa mmoja. Aliandika: "Chini ya kitanda inanishinda. Uwanjani haijui kitu, inameza mchanga na kulia. Kuku wanaiogopa, isipokuwa jogoo, anaipanda." Akanakili na ramani kutoka simu ya Divisheni, ambayo ilisema: watu watano, wanatembea; wanyama sita, wanatembea; kitanda kimoja; sufuria mbili. Alihesabu mwenyewe. Ilikuwa sahihi.

"Nafasi imekufa," Katibu Chrispin alisema alipoisoma.

"Bado siku ya biro," alisema Mama Mathilde.

Siku ya biro iliangukia Ijumaa, na Ijumaa hiyohiyo alishuka Kamina Inspekta Yav kutoka Kinshasa, mwenye kazi ya kuhesabu watumishi wote wa serikali na kuondoa wale wasiokuwepo. Shefu Kayembe alifurahi mno. Alimwonyesha mashini, akamsomea kifungu cha nne kwa sauti, mara mbili. Inspekta alikinakili kwenye daftari lake.

"Hii ni akili," alisema. "Miaka yote ninahesabu watu kwa macho, na macho yanakaribishwa chakula."

Inspekta akakaa nje barazani kungoja, na saa mbili mashini ikaanza. Ilifagia, ikapangusa. Mama Mathilde aliifuata kwa pembe ya jicho, huku akibeba maji, akifungua madirisha, akipangusa bendera. Ilifika kwenye meza ya Shefu, ikachungulia viatu, ikavizunguka. Saa nne ikarudi, viatu vilikuwa palepale. Saa saba vilikuwa palepale. Ilifikiri kidogo, taa yake ikiwaka na kuzimika, ikaandika kitu. Saa tisa na nusu ikapiga kengele.

Inspekta Yav akaingia, akachukua simu ya Divisheni, akavaa miwani, akasoma.

"Fenicha. Meza tatu. Kabati moja. Kanape moja, kochi pana, nyuma ya meza kubwa. Kiti kimoja chenye mgongo mubovu. Nguo chafu, fungu moja, juu ya meza ya tampo." Akageuza kidole. "Watu. Mmoja, anatembea." Akainua macho. "Niliambiwa watumishi ni bane, siyo mumoja. Beko wapi?"

"Niko hapa!" alisema Shefu Kayembe.

Inspekta alimgeukia Mama Mathilde. "Mama, hii kanape inasema."

"Tangu zamani, Papa Inspekta."

"Haimo mu ramani kwamba inasema." Akaandika.

"Minyi ni muntu!" Shefu alilia, bila kuinuka. "Chrispin, mwambie!"

"Shefu, kifungu cha ine," Chrispin alinong'ona, naye akibaki amepinda. "Hata weye huna haki. Njo vile tuliandika."

"Muandikaji alikuwa na akili sana," alisema Inspekta. "Fenicha ya serikali inapigwa namba. Rangi iko?"

Rangi ilikuwepo, maana Mama Mathilde ndiye aliyekuwa anapiga namba kwenye viti tangu zamani. Akatikisa kopo, akachovya brashi, akakung'uta matone. Alipiga 017 kwenye bega la koti la Shefu, 018 mgongoni mwa Chrispin, na kwa kuwa Abner alikuwa hajaamka, alimpiga 019 kwa upole, asimshtue.

"Sasa," alisema Inspekta, akifungua kitabu chake, "mtumishi wa Divisheni ni weye peke yako. Saini."

"Papa, kifungu cha tatu kinafuta mfagiaji."

Inspekta alikisoma. "Kweli. Basi mfagiaji amefutwa. Inabaki nafasi ya Shefu, iko wazi. Saini pale juu."

Mama Mathilde alisaini jina lake lote, Ngandu Mathilde, na herufi kubwa mbili za kupindapinda alizofundishwa na masista. Kisha akaitazama biro kama anayeiona mara ya kwanza. Akaenda nyuma ya mlango, akachukua ufagio, ule ambao André alimchongea mpini.

"Unafanya nini?" Shefu aliuliza.

"Ninafagia mara ya mwisho, kabla sijaanza kazi mupya. Inua miguu."

"Pitia kando!"

"Kupitia kando ni kwa bantu," alisema Mama Mathilde kwa upole wote. "Kanape haina bahati ya kupoteza."

Akainama, akasukuma ufagio mbele, moja kwa moja kuelekea vile viatu.

Hakuna aliyewahi kumwona Bwana Kayembe akikimbia. Aliruka juu ya meza, akashuka upande wa pili, akapita mlangoni akipiga kelele, "Gradi yangu! Gradi yangu!" Nyuma yake kiti chenye mgongo mubovu, na nyuma ya kiti fungu la nguo chafu, likiwa limeamka kabisa. Walikata barabara mbele ya kibanda cha Mwanza, namba zao nyeupe zikionekana vizuri.

Mashini iligeuza macho yake. "Kizuizi kimeondoka," ilisema kwa Kifaransa chake cha Ulaya. "Usafi unaanza." Ikaingia kwenye vumbi la miaka kumi na tisa, ikajaa, ikarudi kujimwaga, ikaja tena. Ilifanya hivyo mara sita.

Shefu Mathilde alikaa kidogo tu, ili aandike. Akafungua kaye mpya, akaweka tarehe, akapiga mstari chini yake kwa rula.

"Ijumaa, saa kumi kasorobo. Fenicha tatu zimetoroka. Sakafu ni safi."