Roketi ya Siku Nne

Jumatatu, 4 Machi
Ofisi ya hali ya hewa inatafuta roketi ya bei nafuu ya kurusha setilaiti ndogo kama mkate ndani ya siku chache tu. Sababu ni wazi: mafuriko hayapangi miadi. Jaribio Ijumaa, atakayefaulu apewe kazi. Nimesema siku nne zatosha. Mshindani wangu, niliyemfundisha fizikia mwenyewe, ameomba kumi. Kumi! Nimecheka mpaka mke wangu akaja kunitazama.

Jumanne, 5 Machi
Tumemimina mafuta ndani ya bomba la roketi. Nieleze: humiminwa kama uji mzito, kisha huachwa yagande siku saba. Ukiyaharakisha, hupasuka ndani. Kila ufa huongeza mahali pa kuungua; shinikizo hupanda, bomba hufumuka. Nimelifundisha hili miaka thelathini na moja.

Tunazo siku tatu. Nimelizungushia bomba blanketi la umeme.

Shemeji, kaka wa mke wangu na mchomeleaji wangu, aliuliza kama huko si kuharakisha. Nikamwambia ni kuyasaidia. Akasema haya, mwalimu ni wewe.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeligonga bomba. Limelia vizuri, basi halina ufa. Mshindani kapiga simu kunisihi: Mwalimu, tafadhali, ahirisha, hata mimi nitaomba tuahirishiwe wote. Husuda! Nimemjibu sikio halipiti kichwa.

Ijumaa, 8 Machi
Sekunde mbili ilipaa. Kisha ikafumuka. Kipande cha chuma kiliruka mifuko ya mchanga tuliyojikinga nayo, kikamkuta shemeji mkono wa kulia. Vidole vitatu. Hakupiga kelele, aliuliza tu viko wapi. Mshindani alivua shati akamfunga, akamkimbiza hospitali kwa gari lake. Mimi nilibaki kunakili vipimo. Lazima mtu anakili.

Jumamosi, 9 Machi
Wodini. Mke wangu hakunipisha kiti. Kasema ndugu yake anachomelea tangu ana miaka kumi na sita, sasa atachomelea kwa nini, kwa meno? Shemeji akasema dada, basi, wa kushoto upo. Nilifarijika sana kusikia hivyo.

Jumapili, 10 Machi
Ofisi imempa kazi yule wa siku kumi, pamoja na siku zake kumi. Haraka gani hiyo?

Nimerudia hesabu, kosa nimeliona: blanketi halikuwa na moto wa kutosha. Jiko la mkaa! Mafuta yataganda kwa siku moja. Nimewaandikia ofisini: siku mbili.

Kisha nikaenda kumweleza shemeji, taratibu, kwa michoro, namna ya kuchomelea kwa mkono wa kushoto. Aligeukia ukutani. Nikazunguka kitanda, nikajibana ukutani, ili aione vizuri.