Oili Nyepesi kwa Gari la Mama Mkwe

Jumapili, 8 Juni

Mama mkwe ameteguka kifundo cha mguu, akishuka ngazi na beseni la nguo. Nimempa pole, na pole yangu ni ya kweli. Ila moyoni kuna kitu kingine kimeamka. Jumamosi chama cha madereva kina mashindano ya mbio kwenye uwanja wa zamani wa ndege, na mwaka huu hataweza kuliendesha lile gari lake jekundu. Mkunga mstaafu, na kila mwaka huwaacha wanaume kwenye vumbi. Sasa nani ataendesha? Ananifikiria mimi au shemeji, kaka wa mke wangu, karani wa benki anayevaa glavu za ngozi hata akienda kununua mkate. Atatupima Alhamisi. Mke wangu aliuliza kama wenye leseni katika familia hii ni wawili tu. Nikamwomba chai.

Jumatatu, 9 Juni

Nimekabidhiwa gari nilipeleke kwa fundi likabadilishwe oili. Mama mkwe kanipa na galoni lake mwenyewe, oili nzito, namba hamsini. Akanieleza kwa upole, mguu juu ya mto. Injini ya mbio huchemka sana. Oili ikichemka inakuwa nyepesi kama maji. Mle ndani kuna beringi zinazobeba kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na katikati yake hakuna kinachozitenganisha ila utando mwembamba wa oili. Utando ukichanika, chuma kinakula chuma.

Niliitikia ndiyo mama, ndiyo mama. Lakini mimi nauza rangi. Nani katika ukoo huu anaujua uzito wa majimaji kunishinda? Rangi nzito humchosha mpakaji. Ukiizimua kwa tina, brashi inateleza yenyewe. Injini nayo ni mpakaji tu.

Nimenunua oili nyepesi, namba ishirini. Fundi amekataa kuitia. Kasema hataki lawama na yule mama, ndiye aliyemzalisha mkewe. Nimeitia mwenyewe nyuma ya duka. Galoni la hamsini nimelificha kati ya ndoo za rangi ya kijivu, ambayo haina wateja.

Jumanne, 10 Juni

Gari linaruka. Ukiligusa tu, limeondoka. Injini ilipopata moto, geji ya presha ya oili ilishuka kidogo. Geji yenyewe ni ya zamani. Vitu vya zamani vina woga.

Shemeji kapita dukani kutafuta rangi ya geti. Hana geti. Amelizunguka gari mara kadhaa, mikono nyuma, kisha akauliza nimetia oili gani. Nikamwambia ya mama. Si uongo. Ikishaingia kwenye gari la mama, ni ya mama.

Jumatano, 11 Juni

Mazoezi uwanjani. Sijawahi kuendesha vizuri hivi. Kwenye kona ndefu geji ililala kabisa, kama mgonjwa. Nimeifunika kwa kofia yangu isinivuruge mawazo.

Njiani kurudi nikasikia mlio. Mwanzo tik, tik, kama saa ya ukutani. Baadaye kok, kok, kama mgeni asiyekata tamaa mlangoni. Nimefungua redio mpaka mwisho. Mlio umekwisha.

Mke wangu kauliza mbona redio ilisikika tangu mtaa wa pili. Nikamwambia nafuatilia habari. Kasema yalikuwa matangazo ya vifo.

Alhamisi, 12 Juni

Siku ya kupimwa. Niliingia uani redio ikivuma. Mama mkwe alikuwa amesimama na mkongojo wake, akanionyesha kwa kidole niizime. Nikaizima. Kok, kok, kok.

Alimtuma mke wangu ndani amletee pembe yake ya kazi, ile ya mbao aliyokuwa akiwawekea wajawazito tumboni kusikiliza mapigo ya mtoto. Akainama, akaiweka kwenye ubavu wa injini, akaweka sikio. Akaihamisha. Akasikiliza tena. Uso wake ukawa kama wa mtu anayetafuta namna ya kumwambia baba.

"Zima," akasema. Kisha akaniuliza, "Umetia oili gani, mwanangu?"

"Ya mama."

"Mama yupi?"

Fundi aliitwa, akafungua chujio la oili, akalipasua, akatandaza karatasi zake juani. Zilikuwa zinang'aa kwa chembe za beringi, kama zimepakwa magamba ya samaki. Nikasema huenda ni rangi ya fedha kutoka kwenye vidole vyangu. Shemeji alicheka mpaka akavua glavu.

Mama mkwe hakucheka. Aliomba galoni lake tu. Nimekwenda kulitoa kati ya zile ndoo, nikalibeba mbele ya watu wote kama mtoto anayerudisha kitu cha jirani. Angenigombeza ningejitetea. Hakunigombeza.

Ijumaa, 13 Juni

Fundi ameshinda chini ya gari. Kazi yangu kushika taa. Beringi za zamani amezipanga juu ya gazeti: zimechubuka mpaka shaba imetokeza. Kranki yenyewe imepona. Fundi kasema ningekwenda na redio ile siku moja zaidi, tungekuwa tunatafuta injini nyingine.

Shemeji alikuwa anazunguka, anakunja na kukunjua vidole. Mama mkwe akamuuliza kesho asubuhi ataiwashaje. Akajibu ataiwasha na kukanyaga papo hapo hadi mwisho, injini ijue bosi ni nani. Mama mkwe akafumba macho. Akaeleza, kama anaongea na ukuta, kwamba oili nzito ikiwa baridi inachelewa kufika, na ukiikurupusha unaziua beringi kabla hujatoka getini.

Kisha akamgeukia binti yake. Mke wangu alikuwa anamenya viazi. Kasema yeye angeiwasha, aiache ipate joto taratibu, na kwa kuwa beringi ni mpya hatazikamua mizunguko ya kwanza. Mama mkwe akatoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya meza, karibu na viazi.

Nimemuuliza mke wangu alijifunza wapi. Kwa mama, kabla hatujaoana. Mbona hukuniambia? Kasema sikuwahi kuuliza.

Jumamosi, 14 Juni

Amekuwa wa pili, nyuma ya daktari wa meno. Geji haikutikisika. Mama mkwe alikaa kwenye kiti chake pembeni, akiufuata mlio wa injini kwa kichwa. Mimi na shemeji tulisimama pamoja kwenye uzio kwa mara ya kwanza bila kukanyagana. Mke wangu alipovua kofia ngumu, nywele zimelala upande mmoja, alinitafuta kwa macho kwenye umati. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Kwa muda nilisahau kabisa kwamba ningekuwa mimi.

Jumapili, 15 Juni

Nimetafakari kwa kina. Muungwana hukiri kosa, nami nakiri: nilikosea upande. Nilishuka wakati wa kupanda. Kama namba hamsini imeleta nafasi ya pili, basi ya kwanza iko juu zaidi. Hesabu ya darasa la kwanza.

Duka la vipuri lina namba mia na arobaini. Muuzaji kang'ang'ana kwamba hiyo ni ya gia za malori, kwenye injini haiingii. Wafanyabiashara hawapendi ugunduzi. Nimechukua galoni zima.

Mke wangu amelala, amechoka na ushindi wake. Nataka akiamka akute gari letu dogo la kwendea sokoni limekuwa la mbio. Nimemwaga oili yote ya zamani. Nimeinamisha galoni. Hakijatoka kitu. Sasa limechungulia tone moja, linafikiri. Nimevuta kigoda nimekaa. Haraka haraka haina baraka, na oili hii haina haraka hata chembe.