Wiki Ambayo Papa Mulimbi Alikwama Lodwar

Riziki ya Aukot ilikuwa masikioni. Wenzake mjini Lodwar waliendesha pikipiki, walichoma makaa, waliuza samaki wa Kalokol. Yeye alikaa hotelini, akaagiza chai moja, akasikiliza watu wanatamani nini. Mtu akishatamani kitu sana, alipenda kusema, kazi iliyobaki ni kumletea.

Asubuhi hiyo aliyetamani alikuwa mwenye hoteli, mzee Lokaale, mnene wa mwili na wa sauti. Redioni kulikuwa na kipindi cha burudani za zamani: bendi gani ilipiga wapi, ukumbi gani ulijaa mwaka gani. Kitale ilitajwa. Kisumu ilitajwa mpaka mtangazaji akakauka koo. Lodwar haikutajwa hata kwa kukosea.

"Watalii wanashuka hapa, wanakunywa soda moja, wanaenda zao ziwani Eliye," Lokaale alimlalamikia mpishi. "Na waende tu. Hapa kuna nini? Hakuna mwanamuziki amewahi kulala hii hoteli, hata kwa bahati mbaya."

Aukot aliweka kikombe chini taratibu.

"Mzee, unasema hivyo kwa sababu hujui, ama unatupima?"

"Kujua nini?"

"Papa Mulimbi."

Tuseme ukweli hapa, maana Aukot hatausema: hapakuwahi kuwa na Papa Mulimbi. Alizaliwa dakika ile, kati ya chai na mandazi, mtu mzima mwenye gitaa lake. Kufikia kikombe cha pili alikuwa na bendi, Orchestra Shaba Moto, iliyokuwa safarini kwenda Juba mwaka wa sabini na tisa. Kufikia cha tatu, mto Kawalase ulikuwa umefurika, basi la bendi limekwama, na Papa Mulimbi amepiga muziki wiki nzima katika ukumbi uliokuwa papo hapo ilipo hoteli ya Lokaale. Kawalase hufurika kweli na magari hukwama kweli. Aukot hakuwahi kujenga uongo bila kuuwekea msingi.

"Vitu vyake viko," alinong'ona. "Gitaa. Shati ya jukwaani. Viko Kakuma, kwangu."

"Umetoa wapi? Vitu za wizi sinunui."

Hapo Aukot alipaswa kufikiri. Hakufikiri. "Mimi ni mtoto wake," akasema. "Alirudi uzeeni, mkimbizi, nikamtunza mpaka siku ya mwisho. Aliniita mwanangu mbele ya watu." Machozi yakamtoka. Aukot alikuwa na machozi ya karibu, hayakumsumbua kuyatafuta.

Msimfikirie vibaya sana. Safari hii hakutaka pesa za kuchezea. Alimtaka Nangiro, msichana mwenye kibanda cha kuchaji simu karibu na soko, na baba yake Nangiro, Lokiru, alikuwa amesema mahari ni mbuzi arobaini. Aukot hakuwa na mbuzi hata wa kuazima. Alimpenda msichana huyo kwa moyo wote, na hilo ndilo jambo pekee maishani ambalo hakuwahi kulisemea uongo.

Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma alimtafuta Anatole, fundi cherehani kutoka Kongo, ambaye hakuuliza maswali ila yale ya kazi.

"Chemise ya miaka ngapi?"

"Shati ya miaka arobaini na kitu."

"Niko naishona leo. Kesho naiweka mu chai. Kisha tunaiachia jua siku tatu." Anatole alipima kitambaa. "Hii jua ya Kakuma inazeesha kila kitu, ndugu yangu. Mimi nilifika hapa kijana."

Gitaa lilitoka kwa kwaya iliyokuwa imepata jipya. Nyuzi mbili hazikuwepo, jambo ambalo Aukot aliliona kama baraka.

Lokaale aliponusa shati lile na kusikia harufu ya miaka mingi, alilipa papo hapo. Ilikuwa bei ya mbuzi arobaini na nauli juu. Alitaka jambo moja tu: siku ya kufungua chumba cha kumbukumbu, Aukot aseme ukoo wake mbele ya chifu na watu wa redio.

Akasema. Alishika kipaza sauti akatangaza, "Mimi ni Aukot, mtoto wa Papa Mulimbi," kwa sauti iliyowatoa kamasi akina mama wa mstari wa mbele. Nangiro alisimama nyuma kabisa, kiganja mdomoni.

Ndipo akainuka nyanya yake Nangiro, Akidor, mama mzazi wa Lokiru, shanga mpaka kidevuni na tumbaku shavuni.

"Ejok," alisalimu.

"Ejok-noi," ukumbi ukaitikia.

"Mimi huyo Papa namkumbuka. Hiyo wiki alikula kwetu. Mzee yangu alimchinjia mbuzi, akampaka kifua na majani ya tumboni mwa huyo mbuzi, akasema, kutoka leo wewe ni ndugu yangu. Mimi ndio nilipika."

Makofi yalilipuka. Lokaale alilia waziwazi. Aukot naye akapiga makofi, masikini, akidhani amepata shahidi wa bure. Akapiga mpaka akaona bibi bado amesimama.

"Sasa Mungu ameleta mtoto wake. Kama Papa na mzee yangu ni ndugu, basi huyu na Lokiru yangu ni ndugu. Nangiro, kuja usalimie baba yako mdogo."

Makofi ya Aukot yakafia hewani. Hakuna mahari ya kumwoa mtoto wa ndugu yako, hata ukiwa na mifugo yote mpaka Nadapal mpakani. Na kuukana undugu ule kulihitaji kukichukua tena kipaza sauti na kumweleza Lokaale, mbele ya chifu, kwamba amenunua shati la wiki iliyopita. Nangiro alikuja, akainamisha kichwa, akasema, "Ejok, baba mdogo." Mabega yalikuwa yakimtetemeka. Aukot alifikiri analia.

Asubuhi yake alikwenda kwa Akidor na, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, alikwenda na ukweli mtupu, akamwita Ata, yaani nyanya, kama amwitavyo Nangiro.

"Ata, hakuna Papa Mulimbi. Nilimtunga tu."

Bibi alitafuna tumbaku yake. "Mimi ndio nilipika."

"Ata, tafadhali. Nampenda Nangiro. Hapo sidanganyi."

"Hapo nakuamini, ndiyo maana sijakufukuza. Undugu unaweza kukatwa."

"Na nini?"

"Mbuzi arobaini."

"Lakini arobaini ndiyo mahari."

"Mahari ni ingine. Hii ni ya kukata undugu."

Aukot alimtazama sana. "Ata, hii mila ilianza lini?"

Akidor alitema pembeni. "Huo mwaka Papa Mulimbi alikwama."

Angeweza kwenda kuwauliza wazee wengine kama mila hiyo ipo, lakini angelazimika kueleza kwa nini anauliza. Akaenda sokoni na pesa za Lokaale. Mbuzi arobaini walipoingia zizini, Akidor alimpaka kifua majani ya tumbo la mmoja wao, akarudi nyuma hatua mbili, akamtazama kana kwamba hawajawahi kuonana.

"Sasa wewe ni mgeni. Karibu. Umekuja kutafuta nini?"

"Nimekuja kuoa, Ata."

"Mahari uko nayo?"

Nangiro alicheka mpaka akakaa chini. Aukot aliumia, aliumia kweli, lakini chini ya maumivu yale kulikuwa na heshima. Hajawahi kuibiwa vizuri namna hiyo.

"Nitakungoja," Nangiro alimwambia akimsindikiza barabarani. "Lakini hao wengine utafute na jasho. Njia zingine zote Ata anazijua."

Siku hizi Aukot ameajiriwa na Lokaale kukaribisha wageni, na ana mbuzi kumi na mmoja. Jumamosi Akidor hukaa kando ya gitaa, hula nyama ya bure, na kila wiki humwongezea Papa Mulimbi jambo. Majuzi Papa amepata mpiga tarumbeta wa kupiga naye.

Mara mojamoja mgeni huperuzi simu yake, akasema mbona mwanamuziki huyu haonekani popote, huenda ni uongo tu. Hapo Aukot hukasirika, na hasira yenyewe si ya kuigiza.

"Wewe unajua nini," humwambia. "Mimi nimelipa mbuzi arobaini nisiwe mtoto wake."