Soseji Mia Mbili na Mama Pamba

Jumatatu, 4 Machi

Siku njema kupita zote! Mwalimu mkuu kapita buchani asubuhi. Jumamosi ni siku ya michezo shuleni, anataka soseji mia mbili za watoto. Mia mbili! Nikataka kumkumbatia nikakumbuka nina mafuta mikononi.

Halafu akaharibu. Kasema bucha la ng'ambo ya barabara nalo limeombwa. Bucha la ng'ambo ni la shemeji, kaka wa mke wangu. Mtu anayevaa koti jeupe hata akinywa chai. Soseji zitachukuliwa kwa yule atakayepata cheti cha mkaguzi wa afya, na mkaguzi anaanza kazi kesho.

Mkaguzi mwenyewe ni Mama Pamba. Watu humwita hivyo kwa sababu hutembea na vijiti vya pamba, anafuta meza yako, anatia kwenye kichupa, anaondoka kimya. Siku ya tatu unafungiwa. Hajawahi kupokea hata soda ya mtu.

Hofu? Sina. Akili ni nywele, na mimi sina kipara. Nimepaka ukuta chokaa. Mashine ya kusagia nyama nimeifuta kwa kitambaa na mafuta kidogo, inang'aa hadi unaweza kunyolea ndevu. Mke wangu kauliza kama nimeifungua kuiosha ndani. Nimemwambia mkaguzi ana macho mawili, yote yanatazama nje.

Friji linasoma digrii kumi na moja. Si kitu. Nina mpango.

Jumanne, 5 Machi

Mpango: kipimajoto cha friji nimekilaza ndani ya bakuli la barafu, bakuli nimelificha nyuma ya maini.

Kaja saa tatu kamili. Mwanamke mfupi, viatu vya mpira, begi la ngozi lililochakaa. Kaniamkia vizuri, kanawa mikono kabla ya kugusa kitu. Alinawa muda mrefu, akapita katikati ya vidole, hadi nikaona aibu kwa niaba ya mikono yangu. Kafungua friji. Kipimajoto kinasoma sifuri! Nikatabasamu kama bwana harusi.

Kaingiza mkono begini, katoa kipimajoto chake, chembamba kama sindano ya kushonea magunia. Kakichoma katikati ya paja la ng'ombe. Kasubiri. Kumi na moja na nusu.

"Baba," kasema kwa upole, "hicho kipimajoto chako kimelala kwenye barafu. Nyama imelala wapi?"

Jamani, lakini kazi ile! Kanionyesha mpira wa mlango umepasuka, baridi yote inatoka nje kutalii. Kasema nyama ikae chini ya digrii tano, maana juu ya hapo bakteria wanazaana haraka kuliko panya wa ghalani. Nibadilishe mpira leo. Kesho atarudi kuchukua sampuli za nyama ya kusaga, kwangu na kwa shemeji.

Nimebadilisha mpira. Friji sasa linasoma nne. Mke wangu kafurahi, kadhani nimeokoka.

Jumatano, 6 Machi

Wazo lilinijia nikipiga mswaki. Kama nyama ya shemeji ni safi, kwa nini nisimpe Mama Pamba nyama ya shemeji?

Nimemtuma mama mkwe. Shemeji hawezi kumkatalia mama yake mzazi. Mama mkwe kauliza za nini kilo zote hizo, nikamwambia nina hamu ya kuunga mkono ukoo. Kaniombea dua. Karudi na nyama ya kipande, nyekundu, baridi, nzuri hadi inaudhi.

Nikaisaga kwenye mashine yangu ili ifanane na kazi yangu. Kila fundi ana mkono wake. Nyingine nikajaza soseji zote mia mbili, nikazipanga kwenye friji kubwa la kifuniko.

Mama Pamba kafika mchana akitokea kwa shemeji. Kachukua sampuli yangu kwa kijiko chake mwenyewe, katia kwenye mfuko, kaandika saa na dakika. Kasema majibu Ijumaa, na soseji isitoke hata moja kabla ya hapo.

Hapo nikaona nimwonyeshe kujiamini. Nikatoa soseji moja, nikaitia kikaangoni. Nje imekauka vizuri. Nikaimega, ndani bado nyekundu kidogo. Mama Pamba kapiga kelele kwa mara ya kwanza tangu nimjue: "Subiri, Baba, hiyo haijaiva, ngoja niipime!" Nikameza kabla hajafungua begi. Nikamwambia, mpishi asiyekula chakula chake ni wa kuogopwa.

Kaniangalia kwa huruma. Kaandika kitu daftarini. Nadhani ni sifa.

Alhamisi, 7 Machi

Alfajiri. Tumbo.

Baadaye. Tumbo tena.

Saa nne. Nimekiona kilichomtoa kanga manyoya. Homa, baridi, miguu kama uji. Choo na mimi sasa ni mtu na ndugu yake. Mke wangu alitaka kuniitia daktari, nikamwomba asimwambie mtu. Kamwambia Mama Pamba!

Kaja na paketi za dawa ya chumvi na sukari. Kachemsha maji, kapoza, kachanganya lita nzima, kanipa kikombe kidogo kidogo mwenyewe. Kaniambia nikiona damu au nikishindwa kunywa, nipelekwe hospitali bila mjadala. Nilimngoja acheke. Hakucheka.

Halafu akaketi kwenye kigoda nje ya mlango wa choo na kuanza kuuliza. Jana asubuhi nilikula nini? Juzi? Nani mwingine alikula soseji ile? Mikono niliosha saa ngapi, kwa sabuni gani? Mama huyu angeweza kumhoji bubu akapata majibu. Nilijikuta namweleza hata habari za bakuli la barafu, ambazo alikuwa anazijua.

Kisha nikamwambia kubwa. Nyama ni ya shemeji! Nilipolitamka, nilipata nguvu ya ghafla. Mgonjwa ni mimi lakini mwenye kosa ni yeye! Atafungiwa! Nilifurahi hadi machozi, kisha ikabidi nirudi chooni.

Mama Pamba kauliza jambo moja tu. Kati ya mikono ya shemeji na mdomo wangu, nyama ilipita wapi?

Nikajibu ilipita kwenye kikapu cha mama mkwe. Alifunga daftari taratibu sana.

Ijumaa, 8 Machi

Lazima niandike ukweli hapa, kwa kuwa shajara haina masikio.

Asubuhi homa ilipungua. Nikawaza, Mama Pamba yuko maabara hadi mchana. Shule iko hatua mia tatu. Soseji zikishafika shuleni zitakuwa mali ya shule. Tena zitakaangwa, na moto hauna mchezo. Nilimwambia mke wangu tupakie.

Mke wangu alikwenda kwenye friji kubwa, akakaa juu ya kifuniko, akakunja mikono. Nikamsihi. Nikamkumbusha mimi ni kichwa cha nyumba. Akasema kichwa kinyamaze, tumbo lake limeshasema. Nikajaribu kumsukuma kidogo. Mtu aliyeshinda chooni siku nzima hasukumi mtu. Alikaa hapo kwa muda wa saa tatu na nusu, akichambua mchele mapajani, kama malkia.

Saa saba Mama Pamba kaingia na karatasi. Nyama ya shemeji: safi. Nyama yangu: imejaa bakteria.

Nikasema haiwezekani, ni nyama moja! Kasema ndiyo maana amekuja. Akamwomba mke wangu spana. Akavaa glavu, akafungua mashine yangu inayong'aa, parafujo kwa parafujo, bila haraka, kama mtu anayemvua mtoto viatu. Akatoa kisu. Akatoa sahani yenye matundu.

Nyuma ya sahani kulikuwa na kitu cha kijivu. Sitakieleza. Harufu ilitoka kama mpangaji aliyefukuzwa. Mke wangu alitoka nje. Mimi mwenyewe, nikiwa na miaka kumi na tisa buchani, nilishika ukuta, na chokaa ikabaki mkononi.

Mama Pamba akanieleza, wala hakupandisha sauti. Kipande cha nyama kikichafuka, uchafu huwa juu, moto unaufikia. Ukikisaga, wa juu unakuwa wa ndani, na soseji isiyoiva katikati inawalea bakteria salama kama mayai chini ya kuku. Mtu mzima kama mimi atalala siku mbili. Mtoto wa miaka sita anaweza asiamke.

Nikawaza mstari wa watoto kesho, kila mmoja na soseji yake, wamechoka kukimbia, wana njaa. Kitindamimba wangu yuko darasa la kwanza. Angekuwa wa mbele. Huwa anasukuma.

Nilikaa chini. Sikuwa na utani hata mmoja.

Tulizitoa soseji zote mia mbili. Mama Pamba alizimwagia dawa ili hata mbwa asizile, tukachimba shimo nyuma ya nyumba. Alishika koleo yeye mwenyewe. Nimeona wanaume wengi wakijisifu kwa ushujaa. Sijaona ushujaa kama wa mwanamke yule, jasho likimtiririka, akizika kitu ambacho hakuna atakayemshukuru kwa kukizuia, maana hakikutokea.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya michezo. Soseji za shemeji. Nilikaa kando ya uwanja na chupa yangu ya maji ya chumvi.

Mama Pamba alisimama kwenye majiko na ile sindano yake. Katika kila sufuria aliichoma soseji moja katikati, akasoma, akatikisa kichwa, wapishi wakangoja. Watoto walilalamika. Mwalimu mkuu alitazama saa. Hata mgeni rasmi alikohoa. Hakuharakishwa na mtu. Ilipofika digrii sabini na tano alisema sawa, kwa sauti ndogo, na foleni ikaanza kwenda. Nilitaka kupiga makofi.

Kitindamimba wangu alikula tatu. Alikuwa wa mbele.

Shemeji akaja kukaa karibu yangu. Nilijiandaa kwa masimango. Kumbe kaja kuniuliza tumbo linaendeleaje. Kasema kwake yeye huifungua mashine kila jioni, kwa maji ya moto na sabuni kisha dawa, na kwamba mwaka wa kwanza hata yeye Mama Pamba alimfungia wiki nzima. Alisema akiwa na fahari, kama anayeonyesha kovu la vita. Kaahidi kuja Jumatatu kunifundisha.

Nilimshukuru. Ilinitoka puani, lakini ilitoka.

Alhamisi, 21 Machi

Nimepata cheti!

Siku kumi za kufungua, kuchemsha, kusugua, kukausha. Shemeji kaja mara nne. Nina ubao mmoja wa kukatia nyama mbichi na mwingine wa iliyoiva. Mama Pamba kafuta kila kona kwa pamba zake, karudi leo na majibu: safi. Kanipa mkono. Ule mkono unaooshwa vile! Nimeapa mbele yake, mbele ya mke wangu na mbele ya mama mkwe kwamba mimi na bakteria tumeachana talaka tatu.

Jioni nikatafakari. Nyama ni kazi ya mateso. Kila siku spana, kila siku maji ya moto. Mtu mwenye akili angeuza kitu kisicho na mashine. Maziwa, kwa mfano! Mtindi! Shemeji hauzi mtindi. Unamimina, unangoja, unauza. Hakuna sahani ya matundu, hakuna kisu, hakuna sindano.

Nikamweleza mke wangu. Kacheka, kasema afadhali nikae na nyama, kwa sababu mtindi wenyewe unagandishwa na bakteria.

Nikasimama. Nikamwomba arudie. Karudia. Bila bakteria hakuna mtindi! Wanaoanza biashara hiyo inawabidi wawatafute!

Sasa naandika barua kwa Mama Pamba, kwa heshima zote anazostahili. Namwomba kesho, akipita maabara, anirudishie wale wangu.