Picha ya Dhahabu ya Bi Walburga

Jumatatu, 6 Julai 1908. Vienna.
Nimerudi kutoka kwenye maonyesho ya picha nimejaa hasira. Mji mzima umeduwaa mbele ya picha moja: mwanamume na mwanamke juu ya maua, wamekumbatiana, mwanamume akimbusu mwenzake shavuni, wamefunikwa dhahabu toka mabegani hadi miguuni. Dhahabu! Miaka kumi na saba napaka dhahabu mabango ya maduka, nani amewahi hata kugeuza shingo? Bi Walburga, mjane mwenye nyumba ninayopanga, alitokwa machozi. Mbele yangu! Basi nitamchora yeye vivyo hivyo. Picha ikikauka, namposa.

Jumanne, 7 Julai.
Amekubali kuchorwa. Lakini mwanamume awe nani? Siwezi kubusu huku nimeshika brashi. Nimemwita Kajetan, mwoka mikate wa ghorofa ya chini. Mnene, mpole, unga hadi masikioni. Hana hatari.

Jumatano, 8 Julai.
Nimewapanga: magoti chini, mdomo shavuni, wasitikisike. Nikatoka kununua dhahabu. Nimerudi baada ya saa nzima, hawajatikisika. Sijui kwa nini imeniudhi.

Alhamisi, 9 Julai.
Joto. Nimefungua dirisha, upepo ukapeperusha karatasi zangu zote nyembamba za dhahabu. Nyingi zimemganda Kajetan usoni. Bi Walburga akazibandua moja moja, kwa ncha ya kidole. Nikamwambia aniachie, nitazikwangua kwa kisu. Akaniuliza nina haraka gani.

Ijumaa, 10 Julai.
Wanaoana Septemba! Picha haijafika hata kiunoni! Nimemwita Kajetan mwizi, mnafiki, gunia la unga. Hakukasirika, na hilo ndilo limenichoma zaidi.

“Ndugu yangu Ottokar,” akasema, “siku tatu unaniamuru nimbusu. Nikilegeza kidogo, unanifokea nikaze. Ulitaka nifanye nini?”

Bi Walburga akaongeza, kwa adabu, kwamba chumbani kwangu wataweka magunia ya unga. Nihame.

Jumanne, 14 Julai.
Nimehamia mtaa wa pili. Mwenye nyumba ni Bi Leokadia. Naye mjane. Shingo ndefu, macho ya kahawia, na leo kaniletea supu bila kuombwa. Nimekaa nikatafakari makosa yangu kwa unyoofu. Kosa lilikuwa moja tu: mwoka mikate. Mtu wa jikoni ana tamaa. Safari hii nimemchukua tarishi wa posta, kijana mrefu, mtaratibu, masharubu yamechanwa vizuri. Anaanza kesho. Nimemsisitizia amkumbatie kwa nguvu.