Mchumba Aliyejifanya Dereva

Jumatatu, 6 Agosti 1956

Nimeiona tena ile filamu. Mara ya tatu! Mchezo wenyewe Sista alitusomesha shuleni, nikaupenda. Kwenye sinema nimeuabudu. Binti anabadilishana nguo na mtumishi wake ili amchunguze mchumba asiyemjua. Kumbe mchumba naye kabadilishana na mtumishi wake! Huyo mtumishi wa mchumba, mchezoni alikuwa mtunza farasi; watengenezaji wamemgeuza kuwa dereva. Akili iliyoje! Na jukwaani ungeona nguo tu. Hapa unaliona jicho likidanganya.

Nyumbani, Baba kaniambia Jumamosi anakuja Aristides, karani wa kahawa kutoka Moshi, na baba yake mdogo, Mzee Leodegar. Kuniposa. Sijamwona hata siku moja. Baba anataka ndiyo au hapana kabla hawajaondoka. Maisha yangu yote, neno moja!

Jumatano, 8 Agosti

Nimemwomba Evarista, jirani yetu mshonaji, awe mimi. Kacheka hadi sindano ikamchoma. Yeye Mngoni, kasema, Kichaga hawezi hata kuombea maji. Nikamjibu kuwa kwenye filamu hakuna aliyeulizwa kabila. Amekubali, ila lazima avae viatu vyangu vyeupe.

Jumamosi, 11 Agosti

Baba kaenda Kivukoni kutafuta samaki. Wageni wakawahi, na lori lao. Evarista kitini, ndani ya gauni langu. Mimi na khanga zake, nabeba chai. Mzee Leodegar akamsalimu kwa jina la ukoo wetu, kama wazee wa kwetu wasalimuvyo, akangoja naye aitikiwe kwa jina la ukoo wa kwake. Evarista akasema shikamoo. Mzee akazidi kungoja. Nikaitikia mimi! Ukoo wa mzee, kikamilifu, bila kufikiri. Mzee akasema nyumba hii ina maajabu: mchumba hana ukoo, mtumishi anao.

Sikujali. Nilikuwa namtazama dereva wao, Polycarp, akishusha mikungu ya ndizi. Mabega yale! Utulivu ule! Yule mwenye suti alijikwaa mkekani akamwaga chai. Karani wa kweli hajikwai. Nikajua.

Baba akaingia na changu wake, akaduwaa kuona khanga, akadai jibu hapo hapo. Nikasema ndiyo, nikamwonyesha Polycarp. Samaki wakaanguka.

Jumapili, 12 Agosti

Baba hasemi nami. Mwenye suti ameomba ruhusa ya kumsalimia Evarista baada ya misa. Ujasiri!

Nimemfuata Polycarp kwenye lori, nikamnong'oneza kuwa najua yeye ndiye Aristides. Akanitazama kwa huruma. Akasema, dada yangu, mimi nina mke Kibosho na watoto watatu, naomba usogee nigeuze gari.

Mke na watoto watatu! Hata filamuni hakuna aliyeigiza vizuri hivyo. Nitamngoja.