Nilivyomkwepa Mama Mkwe Juu ya Daraja

Leo nimeaibika mchana kweupe. Nawaandikia nyinyi wenzangu wa Kiboko kabla madereva wa malori hawajawaletea habari na chumvi zao.

Mnajua mimi ni seremala kwenye hili daraja jipya la mto Athi. Mnajua pia Jumamosi wazee wetu wanavuka kwenda kwa kina Mwende, mchumba wangu, kumposa, na mama yake hana mchezo na heshima. Nthoni yetu Wakamba ni nthoni: ukikutana na mama mkwe njiani, unaingia kichakani apite. Hakuna kuangaliana, sembuse kushikana mkono.

Sasa saa sita natembea juu ya mbao, njia ya mtu mmoja tu. Kuinua macho, mama Mwende huyo, kikapu mkononi, anatoka sokoni! (Nani alimruhusu kupita? Nani angemzuia?) Nikageuka. Nyuma yangu kibarua mwenzangu Musyoka, na wilbaro imejaa kokoto. Kushoto mto. Kulia boriti tuliyomwagia konkriti asubuhi.

Kichaka kiko wapi hapo? Nikaingia konkriti. Mpaka magotini. Nikampa mama mgongo, kofia nimejifunika usoni, heshima tupu.

"Wewe! Umerukwa na akili?" msimamizi akapiga kelele kutoka ng'ambo.

Mama akasimama. Naye akajifunika lesso, akauangalia mto.

"Musyoka, mwambie huyo simiti inakauka."

"Musyoka, mwambie mama apite tu, mimi niko sawa." (Sawa gani? Vidole vya miguu sikuvisikia tena.)

"Mwambie siwezi kuacha mtoto wa watu agande hapa!"

Musyoka wetu? Alikuwa amekaa chini, machozi yanamtoka kwa kucheka.

Basi mama akaweka kikapu, akanishika mkono. Mkono mzima, jamani! Akavuta. Nikang'oka kama muhogo, viatu vikabaki ndani (vile vipya vya Jumamosi, eti nilikuwa navizoesha mguu). Kambi nzima ikapiga makofi. Nikajua uchumba umekwisha, na nilitaka kulia.

Jioni Mwende akaja na ujumbe. Kwa kushikana mkono kuna faini, mbuzi mmoja. "Lakini mama amesema, mtu aliye radhi kuganda kuliko kumvunjia heshima, huyo aje Jumamosi."

Nitaenda. Mwenye viatu namba nane acheke kwanza, akimaliza aniletee.